Umeambiwa una kisukari cha aina ya 2: miezi mitatu ya kwanza, hatua kwa hatua

Siku niliyoambiwa nina kisukari nilitoka kwa daktari na karatasi moja mkononi na neno moja kichwani: acha sukari. Nilipofika nyumbani nikamwaga sukari yote iliyokuwa kwenye kopo. Usiku huo nikala sahani ya wali iliyofura, nikashushia chai isiyo na sukari, nikalala nikijiona mgonjwa mtiifu. Ilinichukua wiki tatu na mashine ya kupimia kugundua kwamba ule wali ulikuwa ukinipandisha kuliko vijiko viwili nilivyokuwa nikitia kwenye chai.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na orodha ya vyakula haramu. Unamfaa mtu mzima aliyeambiwa juzijuzi kwamba ana kisukari cha aina ya 2 na ambaye si mjamzito, maana mimba ina vipimo na dawa zake. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Miezi mitatu ya kwanza itumie kuusoma mwili wako, kuuadhibu hakusaidii.

Hatua ya 1: Jua namba zako

Usiridhike na "sukari yako iko juu". Uliza: nimepimwa kipimo gani, na jibu ni ngapi? Kisukari husemwa kipo pale sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote inapokuwa 7.0 mmol/L au zaidi, au HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari (nakieleza hapa chini), inapofika asilimia 6.5. Sukari iliyopimwa wakati wowote huhesabika ikiwa ni 11.1 mmol/L au zaidi na mtu ana dalili za wazi, kama kiu, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito. Ikiwa huna dalili yoyote, jibu moja halitoshi; omba kipimo kirudiwe kabla hujaanza kuishi na jina hilo.

Mashine nyingine husoma kwa mg/dL. Gawanya kwa 18 upate mmol/L: 126 ni sawa na 7.0. Najua mtu aliyekesha akilia kwa sababu jirani yake alikuwa na "sukari 8" na yeye "150". Tukigawanya, 150 ni 8.3. Walikuwa karibu sawa.

HbA1c ndiyo namba utakayoishi nayo, kwa hiyo ielewe. Sukari iliyo kwenye damu hung'ang'ania hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Ndiyo maana kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na huwezi kukidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki. Kama una upungufu wa damu au selimundu, mwambie daktari, kwa sababu hali hizo hupotosha jibu.

Jambo moja la haraka: ukiwa unakonda kwa kasi bila kujaribu, unatapika na kiu haikatiki, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Huenda ni kisukari cha aina nyingine kinachohitaji insulini, homoni ya kushusha sukari, kwa sindano mara moja.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, badilisha kitu kimoja tu

Watu watakuambia umejitakia. Wasikilize kwa sikio moja. Katika aina ya 2 mwili huacha kuitii insulini inavyotakiwa, hasa kwenye misuli na ini, na kongosho linalojaribu kufidia huchoka taratibu. Uzito wa tumboni na kutotembea vinachangia, lakini urithi pia, na umri pia. Wapo wanene wasio na kisukari na wembamba wanaokaa nacho miaka. Hakuna anayejua idadi ya peremende zilizokufikisha hapo, kwa sababu hesabu yenyewe haiendi hivyo.

Kitu kimoja cha kuacha wiki hii ni vinywaji vyenye sukari. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko vidogo vinane au zaidi, na haina nyuzinyuzi wala protini ya kuichelewesha. Juisi ya matunda imo humohumo, hata uliyoikamua mwenyewe. Asali pia ni sukari, hata ikisifiwa vipi. Vingine vyote viache kama vilivyo kwanza, ili ukianza kupima ujue ulipotoka.

Mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Mmoja anatosha kwa sasa, ila awe anayeweza kusikia bila kuhubiri.

Na usinunue miwani mpya. Sukari iliyokaa juu hubadilisha umbo la lenzi ya jicho, na inaposhuka lenzi hurudi polepole, hivyo macho huweza kuwa na ukungu kwa wiki kadhaa. Nilipuuza hilo nikatengeneza miwani wiki ya pili. Miezi miwili baadaye haikunifaa hata kusomea lebo ya dawa. Lakini ukungu wa ghafla katika jicho moja, vivuli vinavyoelea au pazia jeusi ni habari nyingine kabisa: kimbilia hospitali.

Hatua ya 3: Ifahamu dawa uliyopewa

Wengi huanza na metformini. Imetumika kwa kisukari tangu mwaka 1957, na kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Tatizo lake ni tumbo. Wengi huharisha au huhisi kichefuchefu wiki za mwanzo, wakaiacha kimyakimya, kisha wakirudi kliniki wanasema "natumia". Usifanye hivyo. Imeze pamoja na chakula, muulize daktari kama mnaweza kuanza na kipimo kidogo na kukipandisha taratibu, na kama bado inakusumbua omba ile inayoyeyuka polepole. Ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Ganzi ya miguu isiyoeleweka ni sababu ya kuomba kipimo cha B12.

Swali la kuuliza kuhusu kila dawa ya kisukari ni hili: "Je, hii inaweza kushusha sukari kupita kiasi?" Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi na insulini zinaweza, na ukiruka mlo baada ya kuzitumia utaijua Hatua ya 7 kwa vitendo.

Ukipewa insulini mapema, haina maana uko mwisho wa njia. Wakati mwingine hutolewa ili kongosho lipumzike, kisha huondolewa.

Kuhusu wanaouza dawa ya "kumaliza kisukari kabisa": wakikwambia uache vidonge vya hospitali ndipo yao ifanye kazi, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 4: Jifunze kupima, kisha uliza maswali kwa mashine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kuogopa.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe. Siku moja mashine ilinisomea 14.2 saa nne asubuhi. Moyo ukanipasuka. Nikakumbuka nilikuwa nimemenya chungwa kwa ajili ya mtoto. Nikanawa, nikarudia kwa kidole kingine: 7.1. Utomvu wa chungwa kwenye ncha ya kidole ulikuwa umechanganyika na tone la damu. Usitegemee pamba ya spiriti peke yake. Maji ndiyo yanayoondoa sukari ya tunda.

Choma ubavuni mwa ncha ya kidole. Katikati kuna mishipa mingi ya fahamu na ndipo unaposhikia kila kitu. Ning'iniza mkono chini kwa nusu dakika ili damu ishuke, kisha kamua taratibu kuanzia kiganjani. Badilisha vidole. Kopo la stripu, vile vijiti vya kupokea damu kwenye mashine, lifunge papo hapo, maana unyevu huziharibu, na tazama tarehe ya kuisha.

Ujue pia kwamba mashine hizi hukadiria. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu jibu kupishana na la maabara kwa hadi asilimia 15 sukari inapokuwa 5.6 mmol/L na zaidi. Kwa hiyo 8.1 na 8.9 zinaweza kuwa kitu kilekile. Usigombane na desimali.

Sasa maswali. Stripu hazipatikani bure, na anayetumia metformini pekee mara nyingi hahitaji kupima kila siku. Zitumie kwa makundi. Chagua mlo mmoja, ule unaoula mara nyingi zaidi. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Andika vyote viwili na ulichokula. Rudia mlo uleule siku ya pili. Siku ya tatu badilisha kitu kimoja tu.

Daftari langu la wiki ile bado ninalo. Wali sahani nzima: kabla 6.8, baada 12.9. Wali nusu, maharage, mboga za majani nikizila kwanza: 6.9, kisha 9.4. Chakula kilekile na matembezi ya dakika 15 baada ya kula: 6.7, kisha 8.3. Hizo ni namba zangu, zako zitakuwa nyingine. Ila tangu siku hiyo sikuhitaji mtu wa kuniambia nusu sahani inatosha.

Kwa wengi, lengo la nyumbani ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya mlo, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Wazee, na wenye magonjwa mengine mazito, huwekewa lengo lililolegea zaidi, na si uzembe wa daktari.

Utashangaa na hili: unalala na 6.5, hujala kitu, unaamka na 8.4. Hujatembea usingizini ukafungua friji. Alfajiri homoni za kuuamsha mwili hulichochea ini kutoa sukari, na insulini yako haitoshi kuizuia. Likitokea kila siku mwonyeshe daktari daftari. Kulala njaa kwa kujikomoa hakutatui.

Hatua ya 5: Panga sahani upya

Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi. Robo iwe protini: maharage, dengu, samaki, mayai, kuku, nyama. Robo inayobaki ndiyo ya wanga, yaani wali, mkate, viazi, tambi, na kila kitokanacho na unga. Hakuna mzani, hakuna kikokotoo. Ukianza na mboga na protini, ukamalizia wanga, sukari hupanda kwa upole zaidi ingawa chakula ni kilekile.

Tunda kula, likiwa zima, moja kwa wakati mmoja, si bakuli. Vyakula vinavyouzwa kwa maandishi ya "kwa wenye kisukari" vipite. Vingi vina unga na mafuta yaleyale kwa bei ya juu. Na usipikiwe chungu chako peke yako. Sahani niliyoieleza inamfaa kila mtu mezani, na mtu anayekula peke yake chakula cha "mgonjwa" huchoka mwezi wa pili.

Ikiwa una uzito wa ziada, kuupunguza kunaweza kufanya makubwa kuliko dawa yoyote niliyoitaja. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la Uingereza lililoitwa DiRECT, lenye watu 298 waliokuwa na kisukari cha aina ya 2 kwa muda usiozidi miaka sita. Nusu yao waliachishwa dawa za kisukari na kula takriban kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 wa kundi hilo walikuwa na HbA1c chini ya asilimia 6.5 bila dawa yoyote ya kisukari. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, walifika 86 katika kila 100. Baada ya mwaka wa pili idadi ya kundi ilishuka hadi 36 katika 100, maana uzito ukirudi sukari hurudi nao. Usijaribu kujinyima kiasi hicho mwenyewe, hasa ukiwa unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha. Lakini muulize daktari.

Hatua ya 6: Tembea baada ya kula

Msuli unaofanya kazi hunyonya sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo, bila kukaa zaidi ya siku mbili mfululizo bure, na mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki. Kusimama na kukaa kitini mara kumi ni zoezi la nguvu tosha kwa anayeanza. Kama muda ni haba, chukua dakika kumi baada ya mlo mkubwa.

Hatua ya 7: Sukari ikishuka, na ikipanda

Chini ya 3.9 mmol/L ni kushuka. Mikono inatetemeka, jasho baridi, moyo unaenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika. Kula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda halisi. Chokoleti haifai, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini, kisha kula kitu chenye kudumu. Ndiyo, ile soda uliyoiacha katika Hatua ya 2 hapa inakuwa dawa.

Waambie wa nyumbani hili leo: mtu aliyepoteza fahamu hatiwi kitu mdomoni. Alazwe ubavu, msaada uitwe. Na pombe kwenye tumbo tupu, juu ya dawa zinazoshusha, ni hatari hata saa nyingi baadaye, kwa sababu ini likishughulika na pombe halitoi sukari ya akiba.

Mwanzoni unaweza kutetemeka ukiwa na 6. Mwili uliozoea 14 huona 6 kama njaa. Pima kabla ya kula sukari. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Upande wa pili: ukiugua homa au kuharisha sukari hupanda hata kama huli. Kunywa maji mengi, pima mara kwa mara, na upige simu kuuliza dawa zipi zisitishwe kwa muda. Metformini mara nyingi ni mojawapo ukiwa umepungukiwa maji. Sukari inayokataa kushuka chini ya 15 pamoja na kutapika, kupumua kwa kasi, kusinzia au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Hatua ya 8: Miguu, macho, figo

Kisukari cha aina ya 2 hukaa kimya miaka kabla ya kugunduliwa, kwa hiyo vipimo hivi havisubiri. Macho yapimwe kwa kupanua mboni mwaka huuhuu, si miaka mitano ijayo. Mkojo upimwe protini aina ya albumini na damu ipimwe utendaji wa figo, kila mwaka. Presha, wengi huwekewa lengo la chini ya 130/80. Ukiwa na miaka 40 au zaidi usishangae kupewa dawa ya kolesteroli hata kama yako haitishi, wanalinda moyo. Fizi pia huharibika upesi, daktari wa meno aambiwe. Ukivuta sigara, kuacha kunakwenda sambamba na haya yote.

Miguu iangalie kila usiku. Keti, weka kioo sakafuni, tazama nyayo, kisha tenganisha vidole kimoja kimoja. Unatafuta wekundu, lengelenge, ufa wa kisigino, unyevu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa na pitisha mkono ndani; mguu wenye ganzi unaweza kutembea siku nzima juu ya kokoto. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kidonda kisichoonyesha nafuu kwa siku mbili kionwe, hata kama hakiumi. Kutouma ndiko kunakonitia hofu.

Yapo mawili ambayo watu hunong'ona. Nguvu za kiume hupungua kwa wanaume wengi wenye kisukari, na wanawake hupata fangasi za sehemu za siri zinazojirudia, hasa sukari ikiwa juu. Yote mawili yana tiba, na daktari ameshayasikia mara elfu. Na ukijikuta kwa wiki mbili huna hamu ya chochote, hupimi, humezi, mwambie pia. Sonona huwapata zaidi wenye kisukari, na mtu aliyezama hawezi kuhesabu vijiko.

Hatua ya 9: Rudi mwezi wa tatu ukiwa na daftari

HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu. Lengo la wengi ni chini ya asilimia 7. Ukikuta imetoka 9.8 hadi 8.6, usinune. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, ulioanza 1977 na kutoa matokeo 1998, ulilinganisha makundi mawili yaliyokuwa na wastani wa 7.0 na 7.9. Tofauti haikufika hata namba moja nzima, lakini madhara ya mishipa midogo, yale ya macho na figo, yalipungua kwa robo.

Mwekee daktari daftari mezani likiwa wazi kwenye ukurasa wenye mfano mmoja mzuri na mmoja mbaya, na uulize maswali matatu uliyoyaandika usiku uliopita. Langu la kwanza lilikuwa kuhusu ile 8.4 ya alfajiri. Hakubadilisha dozi, alinihamishia kidonge kimoja kwenye mlo wa jioni, akaniambia nipime asubuhi kwa siku tano. Kabla ya kuondoka, andika nyuma ya daftari tarehe ya macho, ya figo na ya HbA1c inayofuata.